Pikipiki Inapogonga Chini: Tambua Kasoro za Shokapu Kabla Hazijakuangusha

Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, barabara ya udongo iliyopitwa na trekta za miwa hubaki na mifereji miwili mirefu, na katikati yake tuta jekundu linaloteleza. Wakazi wa Matungu, Navakholo, Butere na Mumias wanaijua vyema. Wenzao wa Shinyalu na Ikolomani wana shida yao nyingine: mawe yanayochomoza kwenye miteremko. Huko kote, mhudumu wa boda boda akiwa na abiria nyuma husikia mlio uleule chini ya miguu yake: "kwaa!" Pikipiki imegonga chini.

Wengi husema, "Ni barabara." Ni kweli, lakini mara nyingi ni nusu ya ukweli. Pikipiki mbili za aina moja zinaweza kupita shimo lilelile, moja ikavuka kimya na nyingine ikagonga stendi, egzosi au tumbo la injini. Tofauti iko kwenye shokapu, springi, tairi na mzigo. Makala haya yanaeleza jinsi mhudumu, mmiliki au fundi anavyoweza kutafuta chanzo kwa utaratibu, kwa kutumia futi ya kupimia, kitambaa kikavu na wenzake wawili wa kumsaidia.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sote

Katika vijiji vyetu vingi, boda boda ndiyo gari la kwanza. Ndiyo humfikisha mama mjamzito kwenye zahanati usiku, ndiyo hupeleka maziwa asubuhi, ndiyo hubeba mtoto aliyechelewa shule. Jina lenyewe lilizaliwa huku magharibi, mpakani mwa Kenya na Uganda, enzi za baiskeli zilizovusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Tangu mwaka wa 2008, serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo zisizozidi 250cc, pikipiki zimechukua nafasi ya baiskeli karibu kila kona ya kaunti.

Pikipiki inayogonga chini haiharibu vyuma tu. Stendi ikinasa kwenye tuta mkiwa mwendoni, gurudumu la nyuma huinuka na pikipiki hupinda ghafla. Jiwe likipasua tumbo la injini, oili humwagika na injini hukwama. Na shokapu iliyokufa huliacha tairi likirukaruka. Tairi lililo hewani halishiki breki wala kona. Ndiyo maana kasoro hii si ya kungojea siku ya malipo.

Maneno mawili ya kuelewa kwanza

La kwanza ni nafasi ya chini. Huu ni umbali kutoka ardhini hadi sehemu ya pikipiki iliyo chini kuliko zote. Kwa pikipiki nyingi za boda boda, umbali huo huwa kati ya sentimita 15 na 20 pikipiki ikiwa mpya na haina mtu. Sehemu iliyo chini kabisa huwa ni mguu wa stendi kubwa, bomba la egzosi au tumbo la injini.

La pili ni shokapu. Ndani yake mna vitu viwili vyenye kazi mbili tofauti. Springi hubeba uzito na kushika kimo cha pikipiki. Oili iliyo ndani ya bomba hutuliza mdundo, ili pikipiki isiendelee kupanda na kushuka baada ya shimo. Mbele, kazi hizo hufanywa na foku.

Ukishika tofauti hii, umeshapata nusu ya jibu. Pikipiki inayokaa chini ina tatizo la springi, tairi au mzigo. Pikipiki inayodunda ina tatizo la oili. Kukaza springi hakuondoi mdundo, na kubadilisha oili hakuinui pikipiki. Pesa nyingi hupotea gerejini kwa sababu kasoro moja ilitibiwa kwa dawa ya nyingine.

Pima kwanza, ndipo uhukumu

Tafuta mahali tambarare: sakafu ya simiti, baraza la duka, au uwanja wa kituo cha mafuta. Jaza upepo kwenye tairi zote mbili kwa kipimo kilichoandikwa katika kijitabu cha pikipiki au kwenye kibandiko chake. Tairi likiwa na upepo mdogo, vipimo vyote vitakudanganya.

Kisha chagua alama mbili: nati ya ekseli ya gurudumu la nyuma, na bolti moja ya kariya iliyo juu yake wima. Pima umbali kati ya alama hizo mara nne na uandike:

1. Pikipiki ikiwa juu ya stendi kubwa, gurudumu la nyuma likining'inia.
2. Pikipiki ikisimama kwa magurudumu yake, bila mtu.
3. Dereva akiwa ameketi, mwenzake akiishika isianguke.
4. Dereva pamoja na abiria, au mzigo ambao hubebwa kila siku.

Tuchukue mfano. Kipimo cha kwanza ni sentimita 60. Cha pili ni 58.5, cha tatu 57, na cha nne 52. Hii ina maana kwamba kwa mzigo wa kawaida pikipiki imezama sentimita 8. Gurudumu la nyuma la pikipiki nyingi za kazi lina nafasi ya kupanda na kushuka ya takriban sentimita 10 pekee. Basi zimebaki sentimita 2 za kumeza mashimo. Kila shimo linalozidi hapo litafikisha shokapu mwisho, na pigo lote litaenda kwenye fremu, kwenye rimu na kwenye uti wa mgongo wa abiria.

Sasa angalia nafasi ya chini. Tangu kipimo cha pili, nyuma imeshuka sentimita 6.5. Mbele nako huenda kumeshuka sentimita 2. Katikati ya pikipiki, basi, pameshuka kama sentimita 4, na stendi, iliyo karibu zaidi na nyuma, imeshuka kupita hapo. Pikipiki iliyokuwa na nafasi ya sentimita 17 ikiwa tupu sasa ina 13 au pungufu, hata kabla haijaingia shimoni. Tuta la kati kwenye barabara ya trekta hufikia kimo hicho bila shida.

Vipimo hivi husomwa hivi:

Dereva akiwa peke yake, pikipiki inafaa kuzama takriban robo hadi theluthi ya nafasi yote ya gurudumu. Ikizama zaidi ya hapo, springi ni dhaifu au haijarekebishwa.

Kwa mzigo kamili, zisibaki pungufu ya sentimita 2 au 3 za kumeza mashimo. Zikibaki chache, ama springi imechoka, ama mzigo umezidi.

Ikiwa kipimo cha kwanza na cha pili ni sawa kabisa, shokapu haishuki hata kidogo kwa uzito wa pikipiki yenyewe. Huenda springi imekazwa kupita kiasi, au fimbo ya shokapu imepinda na kukwama.

Weka karatasi hiyo ya vipimo. Ukipima tena baada ya miezi mitatu na kukuta kipimo cha nne kimeshuka kwa mzigo uleule, utajua springi inachoka kabla haijakuacha njiani.

Anza na sababu za bei nafuu

Usikimbilie kununua shokapu mpya. Fuata mpangilio huu, kutoka kwa jambo lisilo na gharama hadi lenye gharama kubwa.

Upepo wa tairi. Tairi lililolegea hushusha pikipiki na kufanya rimu igonge mawe. Pima upepo asubuhi, tairi likiwa bado baridi.

Vitu vinavyoning'inia. Lala ubavuni na utazame chini ya pikipiki. Je, springi ya stendi imelegea hata stendi haipandi hadi mwisho? Bolti ya egzosi imepotea? Chuma cha kukinga miguu kimepinda? Mara nyingi kinachogonga ni stendi iliyolegea tu, na springi yake ni kitu kidogo cha kununua. Tafuta mikwaruzo mipya inayong'aa. Hapo ndipo panapogonga.

Ukubwa wa tairi. Pikipiki nyingi za boda boda hutumia tairi la 3.00-17 nyuma. Ukivisha la 2.75-17 kwa sababu ndilo lililopatikana, umeshusha nyuma kwa takriban milimita 6, na tairi hilo pia hubeba uzito mdogo zaidi. Soma namba kwenye ubavu wa tairi na uzilinganishe na kijitabu.

Pete ya kurekebisha springi. Shokapu nyingi za nyuma zina pete yenye ngazi chini au juu ya springi, nayo huzungushwa kwa spana yenye ndoano. Ngazi ya chini ni ya dereva peke yake, na za juu ni za abiria na mzigo. Hakikisha pande zote mbili ziko kwenye ngazi ileile. Ukikuta kushoto iko ngazi ya kwanza na kulia ya nne, umepata sababu ya pikipiki kuvuta upande mmoja.

Pete hiyo ina mpaka wake. Haiongezi nguvu ya springi. Inainua pikipiki tu ili ianzie mahali pa juu zaidi. Ukiipandisha hadi mwisho, ukapima upya, na bado kwa mzigo kamili hakuna nafasi iliyobaki, basi marekebisho yameisha. Kilichobaki ni springi mpya au mzigo mdogo.

Springi zenyewe. Osha matope na utazame kila mzunguko wa springi. Tafuta ufa, kutu iliyokula chuma, na mahali ambapo mizunguko imegongana hadi ikang'aa. Linganisha urefu wa shokapu zote mbili zikiwa zimefunguliwa. Moja ikiwa fupi, zibadilishe zote mbili. Shokapu mpya upande mmoja na ya zamani upande mwingine huusokota mkono unaoshika gurudumu la nyuma.

Jaribio la mdundo

Baada ya kimo, chunguza oili. Simama kando ya pikipiki ikiwa kwenye magurudumu yake. Bonyeza kiti kwa nguvu kwa mikono miwili, kisha uachie ghafla. Pikipiki yenye shokapu nzima hupanda mara moja na kutulia. Ikipanda, ikashuka na kupanda tena mara mbili au tatu, oili imevuja au imechoka.

Kisha pitisha kitambaa kikavu au karatasi nyeupe kwenye fimbo ya shokapu na kwenye bomba linalong'aa la foku. Unyevu wa oili ulioshika vumbi jeusi unaonyesha kwamba sili imeharibika. Kwenye foku, tazama pete ya oili inayobaki juu ya bomba baada ya safari. Ikiwa foku ina mfuko wa mpira, uinue kwanza, kwa sababu matope na maji hujificha ndani yake na kula bomba bila kuonekana.

Sili iliyovuja mbele si ya kuahirishwa. Oili ikiteremka hadi kwenye breki, breki ya mbele hupoteza nguvu, na katika kusimama kwa ghafla hiyo ndiyo unayoitegemea zaidi. Fundi anapobadilisha sili, mwombe akague bomba lenyewe. Bomba lenye vidonda vya kutu litakata sili mpya baada ya wiki chache, nawe utarudi kulipa tena. Oili iliyotolewa ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia.

Mimina oili ya kipimo kilichotajwa kwenye kijitabu, na kiasi sawa pande zote mbili. Oili nzito mno hufanya foku iwe ngumu, mikono ikafa ganzi na tairi likaruka juu ya mawe badala ya kuyafuata.

Kujua foku inatumia nafasi kiasi gani, funga uzi wa mpira kwenye bomba linalong'aa, uuteremshe hadi unapokutana na sehemu ya chini ya foku, kisha uendeshe kwenye njia yako ya kawaida. Uzi utasukumwa na kubaki mahali foku ilipofikia. Ukiukuta juu kabisa kila siku, foku inafika mwisho.

Sauti na mtikisiko: zinatoka wapi?

Baadhi ya kasoro hujifanya za shokapu ilhali chanzo kiko kwingine. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa na ufanye majaribio haya matatu.

Gurudumu la nyuma. Lishike juu kwa mkono mmoja na chini kwa mwingine, ulitikise. Likicheza ilhali mkono unaolishika umetulia, beringi za gurudumu zimekwisha. Sasa uache gurudumu, ushike mkono wenyewe karibu na ekseli na kuusukuma kushoto na kulia. Ukicheza, bushi zimekwisha. Bushi zilizolika hufanya nyuma iyumbe kwenye kona, hasa abiria akijisogeza.

Vichwa vya shokapu. Shika shokapu juu na chini uivute. Raba za kwenye bolti zikiwa zimepasuka, utasikia "ko, ko, ko" kwenye kila tuta hata kama shokapu yenyewe ni mpya. Raba hizo hubadilishwa bila kununua shokapu.

Usukani. Mwenzako akandamize nyuma ya pikipiki ili gurudumu la mbele liinuke. Shika ncha za chini za foku, uzivute na kuzisukuma. Mgongo unaosikika mkononi unatoka kwenye beringi za usukani. Zungusha usukani polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukinasa katikati kana kwamba kuna kijishimo, beringi hizo zimeumbuka na zinahitaji kubadilishwa. Usukani wa namna hiyo hufanya pikipiki isite unapotaka kukwepa shimo.

Mwisho, simama mbele na uangalie. Gurudumu likiwa limenyooka, je, usukani nao umenyooka? Ikiwa sivyo, foku imesokotwa, pengine na ajali ya zamani. Kama umenunua pikipiki iliyotumika, fanya jaribio hili kabla ya kutoa pesa.

Kuinua pikipiki: fikiri mara mbili

Wahudumu wengi huona suluhisho ni kuinua nyuma kwa shokapu ndefu, kuchomelea vyuma vya kuongeza urefu, kuongeza shokapu mbili za ziada, au kupachika vipande vya raba katikati ya springi. Wanaofanya hivyo wana sababu: njia ni mbovu na mizigo ni mizito. Lakini kila moja ya hatua hizi ina gharama isiyoonekana.

Shokapu ikiwa ndefu kwa sentimita 3, nyuma huinuka karibu kiasi hicho. Stendi kubwa haitalifikisha tena gurudumu hewani, na stendi ya kando itakuwa fupi, hivyo pikipiki italala zaidi upande mmoja na inaweza kumwangukia mtoto. Taa ya mbele itamulika karibu na gurudumu badala ya barabara. Usukani utakuwa mwepesi na wenye wasiwasi kwa kasi. Cheni nayo itabadilika ulegevu na inaweza kusugua mkono wa nyuma. Baada ya mabadiliko yoyote ya kimo, pima ulegevu wa cheni upya dereva akiwa ameketi.

Vipande vya raba kwenye springi huzuia baadhi ya mizunguko isifanye kazi, na kazi yote ikabebwa na michache iliyobaki. Hiyo ndiyo hukatika. Kuchomelea springi ni hatari zaidi, kwa kuwa moto huondoa ugumu ambao chuma hicho kilipewa kiwandani. Na shokapu za ziada hubeba mzigo, ndiyo, lakini haziongezi nguvu ya breki, ya spoki wala ya fremu.

Ukilazimika kubadilisha shokapu, nunua jozi iliyotengenezewa pikipiki yako, yenye urefu sawa na ya awali lakini springi ya mzigo mzito, ikiwa inapatikana. Omba risiti, na umwambie fundi akurudishie vipuri vya zamani uvione kwa macho yako.

Hesabu ya mzigo

Dereva wa kilo 70 akibeba gunia la mahindi la kilo 90, tayari ni kilo 160. Ongeza abiria juu ya gunia na hesabu inapita kilo 200. Kiwango cha juu cha uzito kimeandikwa katika kijitabu cha pikipiki, nacho humhesabu dereva pia. Kila mhudumu anafaa kuijua namba hiyo jinsi anavyoijua namba ya usajili wa pikipiki yake.

Mzigo unapozidi, sehemu kubwa hulala nyuma ya ekseli. Mbele huwa nyepesi, usukani haushiki, na taa humulika macho ya anayekuja. Panga mzigo uwe karibu na dereva na uwe chini iwezekanavyo. Mzigo wa safari mbili upeleke kwa safari mbili. Sheria ya Trafiki nayo inaruhusu abiria mmoja tu kwenye boda boda, na dereva na abiria wote wawili wavae kofia ya kinga.

Abiria naye ana haki ya kutazama kabla ya kupanda. Ukiona oili kwenye foku, pikipiki imelala upande mmoja, au tairi la nyuma limekaribia kugusa madigadi ukikalia kiti, sema kwa upole, "Ndugu yangu, nitangoja nyingine." Hilo si dharau, na huenda likamwokoa na yeye pia.

Ukaguzi wa dakika kumi kila wiki

Chagueni siku moja stejini mkague pamoja, kila mmoja akimsaidia mwenzake kushika na kupima:

- Upepo wa tairi zote mbili, na nyufa ubavuni.
- Kitambaa kikavu kwenye foku na fimbo za shokapu: je, kuna oili?
- Jaribio la mdundo, mbele na nyuma.
- Pete za springi kwenye ngazi sawa.
- Mikwaruzo mipya chini ya injini, egzosi na stendi.
- Springi za stendi zote mbili.
- Mchezo kwenye gurudumu la nyuma, mkono wake na usukani.
- Ulegevu wa cheni, dereva akiwa ameketi.

Matope yaoshwe jioni, kwa sababu yakikauka kwenye bomba la foku hugeuka msasa unaokata sili. Lakini usielekeze mashine ya maji yenye nguvu moja kwa moja kwenye sili na beringi, kwani maji husukumwa ndani. Na tusioshee pikipiki mtoni. Oili inayoachwa Isiukhu au Nzoia hurudi kwenye mtungi wa jirani aliye chini.

Barabara nayo isisahaulike

Kuna mashimo ambayo hakuna shokapu itakayoyashinda. Katiba ya mwaka wa 2010 iligawa majukumu: barabara za kaunti ziko chini ya serikali ya kaunti, na barabara kuu za kitaifa ziko chini ya serikali ya kitaifa. Barabara ya Kisumu, Kakamega hadi Webuye, kwa mfano, ni ya Mamlaka ya Barabara Kuu nchini, KeNHA.

Kwa barabara ya kaunti, peleka taarifa kwa msimamizi wa wadi yako. Taarifa yenye maelezo husaidia zaidi kuliko malalamiko ya jumla. Taja jina la barabara, shule au kanisa lililo karibu, na siku uliyopita. Na kwa kuwa sasa una futi ya kupimia, pima kina cha shimo na upana wake, au kimo cha tuta la katikati, na upige picha. Kalvati iliyoziba itajwe mapema, kwa sababu shimo la leo mara nyingi lilianza na maji yaliyokosa pa kwenda.

Mvua ndefu huanza Machi, na nyingine hurudi karibu na Agosti. Wiki mbili kabla ya kila msimu ni wakati mzuri wa kupima, kubadilisha sili na kurekebisha springi, siku ambazo fundi hajazongwa na pikipiki zilizokwisha kuvunjika. Anza na karatasi, futi na vipimo vinne. Vikikuonyesha kasoro, tengeneza kabla hujambeba abiria mwingine.